Dawa ya Mdudu

Bi Twaiba alikutwa amekufa alfajiri ya Jumatano, juu ya mswala wake, nyumbani kwake Bodo. Tumbo na mapaja yake yalikuwa yamepakwa udongo. Uani, mtungi aliohifadhia chupa zake za insulini, dawa ya kisukari, ulikuwa umesuguliwa udongo vilevile, na zile chupa zilifukuliwa mchangani zikiwa zimejaa.

Midomo ya watu haikungoja maiti apoe. Wengine walisema jini. Wengine walimtaja Linet, muuguzi wa zahanati, mtu wa bara, kwamba ndiye aliyemletea marehemu sindano za mauti. Konstebo Dishon alikuwa ameshaandika "uchawi" kabla hata ya kuhoji mtu. Inspekta Mwanarusi alimwambia afute.

Inspekta ni mzaliwa wa Waa, pwani hiihii, na udongo ule ulimsisimua mwili kwa sababu nyingine. Kilichoguswa na nguruwe, kwa Waislamu wa pwani, huoshwa maji mara saba, na mara moja kati ya hizo hutiwa udongo. Mama huyu hakulogwa. Alikuwa akijitoharisha mahali palipoingia sindano, usiku baada ya usiku, mpaka roho ikamtoka kwa kukosa dawa. Maskini, kufa peke yake usiku, kata ya maji kando!

Na ndani ya nyumba kulikuwa na kubwa zaidi. Hafsa, mjukuu wa marehemu, mtoto wa miaka tisa, ana kisukari kilekile, na tangu juzi hajadungwa. Alikuwa akihema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mama yake, Mwanasiti, alijifungia naye chumbani, akasema heri mwanawe afe twahara. Mlango ungevunjika kwa teke moja, lakini sindano ile ni ya kila siku, umri mzima, na mama ndiye wa kuidunga. Linet alisema mtoto hatafika kesho.

Linet alihojiwa barazani. Alieleza kwamba marehemu alimwuliza dawa hii yatoka wapi, naye hakumficha. Wataalamu huchukua yale maagizo ya mwili wa binadamu ya kutengeneza insulini, wakayatia ndani ya bakteria, nao bakteria wakaitengeneza na kuitoa. Kisha husafishwa, ikabaki insulini ileile ya mtu.

"Hakuna mnyama hapo, Inspekta. Nilimwambia ni mdudu tu, mdogo, haonekani kwa macho."

Mdudu. Inspekta alilirudiarudia neno hilo. Bodo, mdudu ni siafu, ni kunguni, na hakuna aoshaye mtungi mara saba kwa ajili ya kunguni. Hapo Dishon akakohoa. Alisema alipokuwa akifanya kazi mpakani, Lunga Lunga, alivuka mara kadhaa, na katika baa za upande wa Tanzania nyama ya nguruwe huitwa mdudu.

Inspekta alirudi mlangoni kwa Mwanasiti. Kupitia mbao Mwanasiti alijibu kwamba marehemu mama yake aliolewa Tanga ujanani, ila hakuwa mtu wa baa, na alipotoka zahanati alipitia kwa Maalim Suleiman kuuliza. Maalim ndiye atakayekabidhiwa msikiti Ijumaa. Neno lake, kwamba dawa ni haramu, ndilo Mwanasiti alilolishika.

Walimkuta madrasa, macho mekundu, kama asiyelala usiku kucha. Baada ya salamu alisema alimnasihi marehemu amche Mungu, basi. Yeye alisoma Pemba, hakufika kwingine. Inspekta alimwuliza taratibu:

"Maalim, huyo mdudu ulimjulia wapi?"

"Wallahi sikuwahi kumla."

Dishon aliinua uso. Ulimi uliponza kichwa. Nani Bodo hii huapa kwamba hajala mdudu?

"Sikutaja kula, maalim," Inspekta alisema.

Maalim aliketi chini kwenye jamvi la watoto. Alikiri kwamba ujanani alichoma nguruwe katika baa moja Tanga, na Bi Twaiba alikuwa akimwona kila akienda sokoni. Bi Twaiba aliposikia habari za msikiti alimwendea Maalim kwa siri, akamtaka awaambie watu mwenyewe, la sivyo atawaambia yeye. Siku chache baadaye alirudi na swali lake la mdudu.

"Nikamwambia mdudu huyo ni nguruwe. Nani alimjua nguruwe kuliko mimi? Ndiyo maana aliniamini," alisema. "Linet alishanieleza ni bakteria. Nilijua pia kwamba akiiacha atakufa. Kila usiku nikipita kwake nasikia maji yakimwagwa. Na sasa hivi nayasikia."

Madrasa ilikuwa kimya kabisa. Inspekta alimtia pingu na kumwambia kesi itakuja, ila kwanza kuna mlango wa kwenda kubisha.

Maalim alisimama mbele ya mlango ule, majirani wote wakisikiliza, akayasema tena yote, baa na nguruwe na uongo. Kisha komeo likavutwa. Linet alipenya ndani na sindano, na Mwanasiti akalishika paja la mwanawe kwa mikono yake mwenyewe mpaka dawa ikaingia yote.

Ndipo alipomtazama Maalim.

"Mamangu amekufa akijiona najisi," alisema. "Nani atakwenda kumwambia kwamba alikuwa safi?"