Koti la Shemeji

"Cephas, hili koti ni la nani?"

Shemeji yangu alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Nilikuwa nimetoka Kisumu saa hiyo hiyo, mkoba bado begani, vumbi la Rodi Kopany bado viatuni. Koti jeusi la mwanamume lilining'inia kwenye msumari, ndani ya nyumba yangu, juu ya kiti alichopenda kukalia marehemu mume wangu.

"Ni langu," alisema. "Limelala hapa jana. Wazee wawili walipita alfajiri, wakachungulia dirishani, wakaona taa ya sola inawaka na koti liko ukutani. Wameridhika. Sasa uko huru, Dolphine."

"Jana nililala Kisumu."

"Hilo tunalijua mimi na wewe na mke wangu Beverly. Nani atamwambia nani?"

"Nyumba niliifunga. Nani alikupa funguo?"

Akacheka kidogo, macho chini.

"Muulize daktari wako."

Huku kwetu kila muuguzi huitwa daktari. Alimaanisha Motari. Motari, Mkisii wa Migori, muuguzi wa hospisi yetu, mwanamume niliyempenda miezi saba bila kumwambia mtu. Nilimwachia funguo ili achukue faili za wagonjwa wakati niko semina. Niliketi juu ya mkoba wangu, hapo hapo sakafuni.

Acha nieleze, ili mnaonihukumu mnihukumu vizuri.

Levis, mume wangu, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Baada ya mazishi wazee walitaka tero, yaani ndugu wa marehemu anirithi ndipo nitakasike. Walokole wa ukoo wakapunguza makali: si lazima mtu alale na mtu, koti la shemeji likilala nyumbani mwangu usiku mmoja linatosha. Nikakataa hilo pia. Mimi ndiye niliyemuuguza Levis, nikamwosha, nikamfumba macho. Hakuniachia uchafu wowote wa kuondolewa na koti.

Sasa, kazi yangu ni kuingia nyumba za watu wanaokaribia kufa. Dawa ni za Motari. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii: nakaa na mgonjwa, namuuliza kinachomkosesha usingizi kushinda maumivu, naandika anachotaka, kisha baada ya mazishi narudi kukaa na waliobaki. Na kwa mila yetu, mjane ambaye hajatakaswa haingii boma la mtu. Akiingia, inasemekana anawaachia chira, ile laana inayomkausha mtu mpaka afe.

Maboma matatu yalinifungia lango. La nne lilikuwa la Mzee Nicodemus wa Asumbi, mwenye saratani ya koo. Mzee nilimfahamu tangu alipokuwa akija kliniki kwa miguu yake, lakini sasa alikuwa hatoki kitandani, na mdogo wake, Willis, alikuwa amenisimamisha nje mara mbili huku Motari akiingia na morfini. Bosi wangu, Matron Metrine, aliniambia bila kuzunguka kwamba nikikosa kuingia kwa Mzee Nicodemus mara ya tatu, ananihamishia ofisini nikapange faili.

Hayo yote Motari aliyajua.

Nilimwandikia: "Ulimpa Cephas funguo?"

Alama mbili zikageuka bluu. Akaandika, akaacha. Akaandika tena, akaacha.

"Kesho tuongee. Tafadhali."

"Ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Asubuhi nilimkuta nyuma ya hospisi, kando ya tangi la maji, akiosha buti. Hakujaribu kukimbia.

"Walikuwa wanakumaliza," alisema. "Kila lango likifungwa unarudi garini kimya mpaka Homa Bay. Metrine anakuondoa. Cephas akaniambia koti likilala usiku mmoja tu, ukoo unakuachilia. Unaingia popote. Hata ukiolewa nje, hakuna wa kusema kitu. Dolphine, ni nguo tu."

"Kama ni nguo tu, mbona hukuniambia?"

Akafunga mfereji. Akaufungua. Akaufunga.

"Kwa sababu ungekataa."

"Kwa hiyo jibu langu ulikuwa nalo. Ukalipita kando kama dimbwi."

"Nilitaka kukuoa bila kelele."

"Ulitaka kuoa mwanamke aliyekwisha kusafishwa. Huyu aliyesimama hapa unamwogopa."

"Mimi mila zenu ni mgeni, aki."

"Ugeni wako haukukuzuia kutoa funguo."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Roseline, mke wa Mzee Nicodemus, na alikuwa akinong'ona.

"Dolphine, ni kweli?"

"Kweli gani, Mama?"

"Willis anatuimbia tangu jana. Anasema hata yule mkaidi wa hospisi amekubali koti. Anasema uje tu, lango liko wazi." Akashusha sauti zaidi. "Mzee amegeukia ukuta. Uji hataki."

"Kwani si ndiye aliyekuwa akitaka nije?"

"Alikutaka vile ulivyokuwa. Kila siku ananiambia, Roseline, yule msichana alikataa na bado anatembea, bado anakula, hakuna kilichomkausha. Nikifa, na wewe kataa. Sasa nikatae kwa kumtazama nani? Willis amekuwa akiniangalia tangu jana kama mtu anayepima kitanda."

Nilikata simu nikamweleza Motari yote. Nilitaka asikie koti limefika wapi.

Alifikiri, kisha akasema jambo ambalo, nakiri, lilinijaribu. Lango liko wazi. Niingie tu, ninyamaze, na ukweli nimwambie Mzee peke yake, sikioni. Kazi yangu itabaki. Mgonjwa atahudumiwa. Nani ataumia?

"Roseline," nilimjibu. "Siku ya kumkataa Willis mbele ya wazee, atatumia ukweli ulionong'onwa?"

Akaenda kuwasha gari.

Tulifika Asumbi karibu saa tano. Akina mama wa maombi walikuwa wameketi uani wakiambua karanga. Willis alitoka mbio kufungua lango, meno yote nje.

"Karibu, nyarwa, karibu. Leo umekuwa mtu. Ingia."

Nyarwa ni kusema binti yetu. Mara mbili za kwanza aliniita wewe.

Niliacha miguu yangu yote miwili barabarani.

"Siingii, Mzee Willis, mpaka mnisikie. Koti lililala nyumbani kwangu. Mimi sikulala humo, nilikuwa Kisumu. Sijatakaswa. Sikukubali, na sitakubali."

Karanga ziliacha kuambuliwa.

"Wazee waliona taa," alisema Willis.

"Waliona taa. Mimi hawakuniona."

"Yawa, huyu ana wazimu. Anafunguliwa lango, anajifungia mwenyewe." Aliwageukia akina mama. "Anaongea tu. Shahidi wake ni nani?"

Mlango wa gari ulibamizwa nyuma yangu. Motari alikuja akasimama kando yangu, mfuko wa dawa mkononi, jasho likimtoka.

"An ema ne amiyo Cephas ofungu," alisema.

Dholuo yake ilikuwa imevunjika miguu yote, na mama mmoja alijifunika mdomo na leso. Motari akaendelea kwa Kiswahili.

"Mimi ndiye niliyempa Cephas funguo. Dolphine hakujua. Nilifanya hivyo kwa sababu nataka kumwoa, na niliwaogopa. Nichekeni mimi. Yeye mwacheni."

Miezi saba tulikuwa tumekwepa hata kukaa kiti kimoja garini. Sasa alikuwa amelisema mbele ya nusu ya Asumbi.

"Mkisii," Willis alimwambia, "umetuletea dawa ama umekuja kutuchukulia mke?"

"Vyote viwili."

Walicheka, hata mimi karibu nicheke, na bado nilikuwa na hasira naye. Lakini Willis hakucheka. Alivuta lango, akaacha upenyo wa mtu mmoja.

"Dawa iingie. Chira ibaki barabarani."

Motari alinitazama. Nikamwonyesha kwa kidevu aingie, mgonjwa asiteseke kwa ajili yangu. Akapita, na lango likafungwa usoni pangu kwa mara ya tatu. Nilijua maana yake. Nilianza kuwaza juu ya ofisi, makabati yake, na dirisha lake linalotazama ukuta.

Dakika kumi hivi zilipita. Kisha mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona katika kazi hii. Motari alikuwa anatoka kinyumenyume, ameshika miguu ya kiti cha plastiki. Upande wa pili alikuwa Mama Roseline, ameshika mgongo wa kiti. Juu ya kiti, amefungwa blanketi mpaka shingoni, alikuwa Mzee Nicodemus.

Walimleta mpaka langoni. Willis aliinua mikono.

"Nicodemus, ndugu yangu, rudi ndani. Unajua sheria. Huyu haingii."

Sauti ya Mzee ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa, na sote tuliinama kumsikia.

"Fungua. Haingii yeye. Ninatoka mimi."

Hakuna mila inayomkataza mwenye boma kutoka nje ya boma lake. Willis aliitafuta, niliona akiitafuta usoni mwa kila mtu. Mwisho akafungua.

Walikitua kiti kando ya barabara, kivulini mwa ua. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikatoa kalamu, nikafanya kazi yangu.

"Mzee, ni nini kinachokukosesha usingizi?"

Alimtazama mkewe.

"Andika. Roseline asirithiwe. Si na mtu, si na koti. Nyumba ni yake. Shamba la karanga ni lake. Anayelipenda kaburi langu amwache mke wangu."

Nilimsomea mara mbili. Alitia sahihi, mkono wake ukishikiliwa na Roseline. Kisha akina mama wa maombi walitoka mmoja mmoja, wakaweka majina yao chini. Wa mwisho alikuwa yule wa leso. Willis alibaki peke yake akilinda lango ambalo watu wote walikuwa nje yake.

"Nyathina," Mzee aliniambia, yaani mwanangu, "sasa leteni huo uji."

Alikunywa vijiko vitatu. Roseline alihesabu kwa sauti kama anayehesabu watoto.

Alifariki siku ya kumi na moja. Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa laini. Willis alipokuja na wazee, Roseline aliwasomea ile karatasi akiwa amesimama, na waliondoka bila kugusa chai. Sokoni kuna wanawake waliacha kumsalimu. Nilikwenda kwake kila Jumanne, naye alinifungulia lango yeye mwenyewe, na siku nyingine tulikaa tu tukiambua karanga, akilia, mimi nikiambua.

Matron Metrine aliisikia habari kabla sijafika ofisini. Wiki iliyofuata mgonjwa mmoja wa Sindo alipiga simu akaomba aletewe "yule ambaye hajatakaswa, mke wangu amwone." Metrine alinipa simu, na nilipomaliza kuongea akanipa ratiba ya mwezi mzima. Yote ni ya nyumbani kwa wagonjwa.

Na Motari? Kwa wiki tano nilizungumza naye dozi tu. Miligramu ngapi, saa ngapi. Alijibu miligramu ngapi, saa ngapi. Kisha siku moja mchana, tukitoka Sindo, alisimamisha gari penye mteremko unaoonyesha ziwa lote, akazima injini.

"Nilikosea," alisema. "Sisemi kwa sababu ulinifumania. Hata koti lingefaulu, ningekuwa nimekosea. Niliamua juu ya maisha yako wewe ukiwa haupo."

"Endelea."

"Bado nataka kukuoa. Na kelele zake."

"Watasema nitakuua."

"Ni kweli nitakufa. Mimi na wewe tunajua kushinda wao wote. Siku hiyo nataka anayeniuliza kinachonikosesha usingizi awe wewe."

Nilitazama ziwa ili asione uso wangu.

"Hiyo ndiyo posa yako? Mauti?"

"Dolphine, ndiyo kazi ninayoijua."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nilipopata sauti nilimpa masharti. Aje Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa Cephas. Apite lango kubwa watu wakimwona. Aseme kwa mdomo wake anaoa nani, na yukoje.

Alikuja saa nne kasoro dakika tano, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Cephas alimpokea uani akiwa amekunja mikono. Nami nilisimama katikati yao, kwa sababu posa ilikuwa yangu.

"Unatafuta nini?" Cephas aliuliza, kana kwamba hajui.

"Mke. Dolphine, mjane wa ndugu yako Levis."

"Ametakaswa?"

"Hapana."

"Atatakaswa?"

Motari alifungua mdomo, akaufunga, akanigeukia.

"Muulize mwenyewe."

"Hapana, shemeji," nilisema.

Cephas alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa majirani.

"Nyinyi mtanifanya nichekwe mpaka Rodi."

"Utachekwa," nilimwambia. "Mimi nimechekwa mwaka mzima, na bado niko hapa."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akashusha pumzi ndefu, akamwita Beverly alete viti viwili.

"Vitatu," nilisema. "Mama Roseline yuko njiani."