Anayesugua Kiti cha Eustace

Ukingo wa kulia wa kile kiti ulikuwa umechubuka, na kiti chenyewe kilikuwa hakijakaliwa na mtu. Eufrazia aliliona jambo hilo akipita na ndoo ya maji. Akasimama, akaitua ndoo, akachungulia tena kwenye kioo cha gari. Mumewe, Kasimiri, alikuwa amekivika kiti hicho ngozi mpya jana yake tu, ngozi nyekundu ambayo ungeona haya kuigusa na mikono michafu, na sasa pale pembeni, pale dereva anapopitisha paja akiingia, rangi ilikuwa imetoka na uzi umeachia.

Akamwita mumewe aje aone. Kasimiri akaja, akainama, akasema ni mbuzi. Eufrazia akamuuliza ni mbuzi gani huyo anayefungua mlango wa gari, akaingia, akajistarehesha, akatoka na kuufunga nyuma yake. Kasimiri akakuna kidevu, akaenda kutafuta sindano.

Niseme kidogo habari za hilo gari, maana wapo watakaoniambia kwamba Mpanda ya miaka ile haikuwa na gari la namna hiyo. Lilikuwepo, na kama hukuliona ni shauri yako. Mwenyewe alikuwa Eustace, kijana wa Karema aliyekaa Nairobi akitengeneza magari ya mashindano. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, malori yakihangaika kuwatoa watu maporini na kuwapeleka kwenye vijiji vipya, yeye akashuka stesheni na gari jekundu lililopakiwa juu ya behewa, la milango miwili, fupi hata kuku walilitazama usoni. Barabara zetu zilimtia adabu mapema. Akaliacha uani kwa Kasimiri, fundi wa viti, amtengenezee kiti cha dereva, naye akaenda Ikola kumuuguza mama yake.

Kiti cha gari la mashindano si kama kiti cha lori. Kina kingo zilizoinuka huku na huku, zinamkumbatia dereva asiyumbe kwenye kona. Sasa ule ukingo wa upande wa mlango ndio unaokufa kwanza, kwa sababu watu ni wavivu: wanajitupa ndani, wanajiburuta kutoka, na funguo zimejaa mfuko wa nyuma. Kasimiri alimfundisha Eustace kama unavyomfundisha mtoto kula. Fungua mlango wote, shika fremu ya juu, inua makalio, vuka, ndipo ukae. Kutoka ni hivyo hivyo. Eustace alicheka sana lakini alishika. Basi kama Eustace yuko Ikola, ni nani aliyekuwa akijiburuta?

Kasimiri alishona upya. Akafunga milango, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Kesho yake, jua likiwa katikati ya kichwa, wote wawili wakiwa barazani wanakula, wakasikia ngozi inalia. Ni ule mlio wa mtu mzito anayeteleza juu ya kiti, taratibu, kisha springi zikalalama, kisha kimya. Halafu ikaja harufu. Mnaoujua mto Katuma wakati wa kiangazi, maji yakishaisha na viboko wamelaliana kwenye tope lile jeusi, mnajua ninachosema. Harufu hiyo ilivuka ua ikaingia kwenye sahani zao, na mvua ilikuwa haijanyesha toka Mei.

Eufrazia akaacha kutafuna. Alijua jambo hilo lilikoanzia.

Kwao Mpimbwe mgeni haulizwi neno kabla hajapewa kiti, na Kasimiri alikuwa ameiingiza desturi hiyo kwenye kazi. Kila akimaliza kiti, kabla hajakifunga garini, alikiweka uani mbele ya barabara akamkaribisha mpita njia wa kwanza aje akikalie, akifungue: mama mwenye kuni, mwalimu, hata katekista. Aliamini kiti kisichofunguliwa na mgeni hakidumu. Siku alipomaliza kiti cha Eustace ilikuwa adhuhuri, barabara nyeupe, hakuna hata mbwa. Mtu mwenye akili zake angengoja. Yeye alikuwa na njaa. Akainyooshea mkono barabara tupu, akasema, "Karibu kiti," na mbele ya macho yao kile kiti kikabonyea polepole, kikakaa vile vile kwa muda, kama kimebeba mtu. Eufrazia akacheka akasema springi zimezeeka. Wakaingia ndani kula.

Sasa hakuna aliyecheka. Ila Kasimiri hakuwa mtu wa kusalimu amri hivi hivi. Aliona aibu kushindwa na kitu kisichoonekana katika kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Akaenda kwa Wakonongo wanaorina asali, akarudi na nta. Akaiyeyusha na mafuta ya mbarika, akaipaka ile ngozi mara kwa mara, akaisugua kwa kitambaa hadi ikawa laini na ngumu kwa pamoja. Juu yake akaufunga ukingo kwa turubai, akalikaza kwa kamba za ngozi. Akamwambia mkewe kwamba hata tembo akipita hapo ataacha turubai lilivyo.

Na kweli, adhuhuri ngozi ililia, harufu ikaja, lakini walipofunua turubai ukingo ulikuwa mzima. Siku iliyofuata mzima. Kasimiri akatembea mtaa mzima kifua mbele. Alimwambia kila mtu kwamba dawa ya kiti kuchakaa ni nta, na kama mtu ana shetani amlete apakwe.

Ndipo Eufrazia, akimpa maji ya kuoga, alipoona kitu kwenye paja la kulia la mumewe. Ngozi ya pale ilikuwa inang'aa, haina vinyweleo, kama mpini wa jembe ulioshikwa sana. Akamuuliza kama ameungua. Kasimiri akasema hapana, hata hakuhisi. Baada ya hapo pakawa pekundu, kisha pakaanza kutoa maji. Kila adhuhuri, ngozi ya kiti ikilia kule garini, Kasimiri alishika paja na kuuma shuka, na kila mara kidonda kilikuwa kipana zaidi. Akaacha kushona. Akaacha kutoka nje. Yule mwanamume aliyekuwa akibeba kiti cha trekta peke yake akawa anatambaa kwenda msalani, na Eufrazia akaanza kuogopa kuwa atakuwa mjane kwa ajili ya gari la watu.

Akaenda Litapunga kumleta mzee Manyanda, mtu aliyesifika kwa kuondoa vitu vya namna hiyo. Mzee alilizunguka gari, akanusa, akakataa kuligusa. Akakaa mbali, karibu na jiko, akaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala.

"Huyo hakuvamia," alisema. "Alikaribishwa. Mimi nafukuza mwizi, mgeni simfukuzi. Watu wamehamishwa huko maporini, na wasioonekana waliokuwa wanakaa nao wamebaki hawana pa kukaa. Huyu amepata kiti kinachomshika mbavu huku na huku. Hatoki."

"Na mume wangu?" aliuliza Eufrazia.

"Mmemnyima ngozi ya ng'ombe, anachukua ya aliyemkaribisha. Lazima asugue kitu. Ondoeni turubai, futeni nta, muwe mnamshonea kila kinapochakaa. Ataridhika."

"Mpaka lini?"

Mzee aliomba maji ya kunywa, akayanywa, akaondoka bila kuaga vizuri.

Kasimiri alikuwa tayari. Alilia, akasema kushona ndiyo kazi yake, na kumshonea jini si vibaya kuliko kumshonea bwana shamba. Halafu akasema jambo ambalo lilimuudhi mkewe zaidi: kwamba wanyamaze, Eustace akirudi wamkabidhi gari lake na aliyemo, mzigo uende na mwenye gari. Eufrazia alimtazama, akaona jinsi alivyokonda, akamhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Akamwambia hawezi kumpa mtoto wa mwenzake kitu kama hicho, tena mtoto anayeuguza mama. Na hawezi kuona mumewe anakuwa mtumwa wa harufu. Akamfunika shuka. Akachukua ufunguo shingoni mwake.

Jua lilikuwa linakaribia kichwani. Akatoka, akakata zile kamba, akalitupa turubai kule, akaingia kwenye gari na kukaa kwenye kiti cha dereva, na paja lake la kulia akaliweka juu ya ukingo, kanga amepandisha, ngozi tupu juu ya ngozi. Akafunga mlango. Alikuwa anaogopa, asije mtu akawadanganya kwamba hakuogopa. Aliogopa kiasi kwamba alisahau Salamu Maria katikati na kuianza upya, na kuianza tena.

Kwanza zilikoma sauti za nje, kuku, reli, mtu aliyekuwa akitwanga nyumba ya pili, kama mtu amevifunika vyote kwa chungu, kisha ikaja ile harufu ya tope la viboko, si kutoka nje bali kutoka chini ya kiti, ikapanda miguuni, ikapita tumboni, ikamjaa mdomoni hata akahisi anaitafuna, na mlango ambao alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe ukabaki umefungwa huku kitu kikiingia kupitia hapo hapo, kitu kizito, baridi, chenye ngozi iliyokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kikalipanda paja lake na kujiburuta juu yake polepole, kikitafuta kukaa mahali alipokaa yeye, kikimsukuma kwa uzito wote ahamie upande wa pili, na kadiri alivyokataa kuhama ndivyo kilivyozidi kumlemea, hadi akasikia ngozi yake mwenyewe ikilia mlio ule ule wa kiti.

Kutoka ndani ya nyumba Kasimiri alimwita mkewe kwa sauti ya kukata tamaa. "Mama Thadei, toka humo. Toka, nakuomba."

Hakutoka. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Akasema polepole, kwa kile kilichokuwa kimemlalia:

"Ngozi ya ng'ombe ukiichubua haioti tena. Yangu inaota. Leo sugua, kesho njoo usugue, nitakuwa nimekaa hapa hapa. Mume wangu muache. Tutaona nani atachoka."

Kikasimama. Uzito haukuondoka, ila ulitulia, kama mtu anayesikiliza. Kisha kikajiburuta tena, kwa hasira sasa, kwenda na kurudi, na Eufrazia akapiga kelele, lakini hakusogeza kiuno. Jua lilipoinama kidogo, mwanga ukaingia kwa upande, kuku wakasikika tena. Alishuka garini anachechemea, damu imefika kwenye kisigino. Akaingia ndani, akamfunua mumewe shuka. Kidonda cha Kasimiri kilikuwa kikavu.

Kesho yake adhuhuri alirudi kukaa. Na keshokutwa. Majirani walisema Mama Thadei amechanganyikiwa, na Kasimiri, ambaye sasa aliweza kusimama, alimsihi wapokezane, akamkatalia. Kila jioni alipaka kidonda asali, kila adhuhuri kikafunuliwa, na ngozi yake ikawa inaota chini ya ile iliyosuguliwa, kila mara nene kuliko ya kwanza, nyeusi, ngumu. Likawa sugu. Mwisho ikafika siku kile kitu kilipopanda na kuanza kujiburuta, kikateleza. Kikajaribu tena, kikateleza tena, na Eufrazia akahisi juu ya paja lake kitu kama mashaka. Akacheka. Alikuwa hajacheka toka siku ile ya springi, na kicheko kilitoka kikubwa hata Kasimiri akaangusha nyundo.

Siku hiyo harufu iliondoka kabla jua halijainama.

Eustace alirudi kutoka Ikola akiwa amenyoa kichwa. Mama yake alikuwa amekufa. Wakampa pole, wakamlisha. Alipoona kiti, akapitisha kidole juu ya ule ukingo, akauliza wameupaka nini hata ukae hivi. Kasimiri akamtazama mkewe.

"Nta," alisema Eufrazia. "Na wewe uinue makalio."

Aliinua makalio, akavuka, akakaa vizuri. Gari likaondoka na vumbi lake kwenda stesheni, na Eufrazia hakuliangalia mara ya pili.

Adhuhuri iliyofuata alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua mahindi, Kasimiri nyuma yake anachana turubai. Kuku wakanyamaza. Ile harufu ikaja kutoka barabarani, ikafika kwenye ua, ikasimama hapo. Mavumbi ya mlango wa ua yakalowa, yakawa meusi, kama pamesimama mtu mwenye maji.

"Mama Thadei," alinong'ona Kasimiri. "Ingia ndani tufunge."

Eufrazia alilitazama lile tope. Akapandisha kanga, akaliweka paja lake la kulia juani, lile sugu jeusi likaonekana lote. Kisha akainuka, akachukua kigoda, akatembea nacho hadi kwenye mlango wa ua, akakiweka katikati pale pale palipolowa, akakaa yeye mwenyewe, akiziba njia. Akamwambia mumewe amletee mahindi.