Mamba Kwenye Harusi ya Paskazia

—Kashindye, huyu nani?

—Huyo mamba.

—Naona ni mamba! Anafanya nini kwenye harusi yangu?

Walikuwa sebuleni kwao Mabatini, mke na mume. Odeta, mama yake Paskazia, alikuwa amekaa mbele ya televisheni na kanga mpya. Alikuwa ametoka kisiwani Ukerewe kwa meli kwa jambo moja tu. Mwaka jana, binti yake akifunga ndoa, yeye alikuwa kitandani hospitalini. Leo amekuja kuiona harusi kwenye video.

Aliona gari la maharusi likisimama mbele ya kanisa. Mlango ukafunguliwa. Mara mamba akachomoka majini akamdaka nyumbu.

Kashindye alikuwa fundi redio. Tangu gesti ya jirani ifunge dishi la setilaiti, mwaka huo wa tisini na sita, alikuwa akienda pale na deki yake ya video kunasa kwenye kanda kila kioja: nyangumi, theluji, watu wanaokula moto. Kisha huita mtaa mzima uje kuona, na Paskazia ndiye wa kuchemsha chai.

—Kanda tupu ziliniishia. Nikadhani nimechukua ile ya ngumi.

—Ulidhani! Si imeandikwa HARUSI kwa wino mwekundu?

—Nilikuwa na haraka, mke wangu. Mamba alishaanza.

—Alishaanza! Na mpiga picha alishahamia Zambia. Hiyo kanda ilikuwa moja tu, Kashindye. Moja!

—Acheni kwanza, mama akasema, macho kwenye kioo. Huyo nyumbu amepona?

—Mama!

Kesho yake Paskazia alipanda meli na mama yake. Hakuaga.

Majirani wakaja Jumapili kama kawaida.

—Fundi, leo tunaona nini?

—Hakuna kitu. Nendeni makwenu.

Kashindye akavumilia, akashindwa. Akafunga kibanda chake, akavuka kwenda Ukerewe. Alimkuta Paskazia jikoni, nje ya nyumba, anamenya mihogo.

—Mkoba una nini? Kanda?

—Nguo.

—Hapa hakuna umeme. Ondoka na vioja vyako.

Kashindye akampita, akaenda mpaka barazani.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.

—Mama, nimekuja kukuonyesha harusi.

—Utaionyesha na nini?

—Na mdomo wangu, mama.

Jikoni, kisu kikasimama.

—Aliposhuka garini, kisigino cha kiatu kikakatika kwenye ngazi za kanisa. Akaninong'oneza, "Ukicheka, nakuacha hapahapa." Akatembea mpaka altareni mguu mmoja ukisimamia vidole, na hakuna mtu aliyejua. Hata kwenye kanda haikuonekana. Gauni lilifunika.

—Alilia?

—Kanisani hakulia. Ukumbini aliweka kiti chako karibu yake, kitupu. Shangazi yangu akataka kukikalia, akamwambia, "Hapo amekaa mama." Ndipo alipolia.

Odeta akajifuta macho kwa pindo la kanga.

—Endelea, mwanangu.

—Basi, tukafungua muziki. Nikacheza vizuri mpaka watu wakashangaa...

—Mwongo!

Paskazia alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono imejaa utomvu wa mihogo.

—Mama, alinikanyaga huyu mpaka kidole kikavimba! Walishangaa kweli, kwa jinsi alivyokuwa anajikwaa!

—Nilikuwa nakutazama wewe, Kashindye akasema. Miguu nikaisahau.

Paskazia akasogea barazani. Akamwangalia, hasira bado ipo lakini imechoka.

—Umefuta harusi yangu, Kashindye.

—Nimefuta. Na haitarudi. Nisamehe.

—Mwanangu, mama akasema, njoo usimulie wewe. Huyu anarukaruka.

Paskazia akanawa mikono polepole. Akavuta kigoda, akakiweka karibu na mumewe.

—Sogea. Na ukinikatiza, unalala na mbuzi.

Akaanzia asubuhi, walipokuwa wanamsuka. Kabla hajafika kwenye keki, Odeta alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kanga mkononi, anapiga vigelegele.