Waya Uliopita Dirishani kwa Gisèle

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, na nyinyi mliobaki nyumbani, sogeeni niwasimulie habari ya nyumba moja ya Winson Green, hapa Birmingham. Sisimulii ili tumcheke mtu. Nasimulia kwa uchungu, na kwa sababu najua nyumba ya namna hiyo si moja.

Jumamosi ilikuwa siku ya raha kwa Nabintu. Sombe, yaani kisamvu, ikichemka jikoni, yeye huketi chini kwenye zulia, na binti yake Gisèle, mtoto wa miaka kumi na mmoja, humsuka nywele akiwa amekaa kitandani. Vidole vya mtoto yule vilikuwa vyepesi ajabu.

"Mum, keep still," alisema Gisèle, maana Kiswahili alikisikia chote lakini ulimi wake ulikuwa wa Birmingham.

"Nimetulia, mama yangu. Suka tu."

Gisèle alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao baridi ikimpiga mgonjwa, mifupa humuuma mpaka akapiga mayowe. Ngazi zilimtesa, kwa hiyo alilala chini, chumba cha mbele, dirisha likitazama barabarani. Chumba cha nyuma kingemfaa zaidi, ila kilijaa viti vya kanisa, ngoma na spika. Baba wa nyumba ndiye aliyevijaza.

Jumamosi moja jioni Damien, baba mtu, akaingia na waya mrefu begani. "Baridi ya kweli inakuya leo," alisema, akafungua dirisha.

Niwaeleze waya huo. Damien alikuwa dereva wa kanisa, kazi ya kujitolea. Alikuwa na basi dogo la dizeli, kuukuu, alilouziwa na rafiki yake Arsène anayeishi Norway. Lilikuja na usukani wa kushoto na kipasha injini, yaani kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye injini yenyewe. Ukikichomeka, injini hupata joto, na gari huwaka hata kama nje kila kitu kimeganda. Arsène alimwambia saa mbili tatu kabla ya safari zinatosha. Damien hakuridhika. Alikichomeka tangu jioni hadi asubuhi, asije akaaibika mbele ya watu. Na soketi iliyokuwa karibu na barabara ilikuwa chumbani kwa Gisèle.

Waya ukapita dirishani. Dirisha likabaki wazi kiasi cha kupitisha vidole, na baridi haihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Wiki iliyotangulia jirani yao Raksha, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, alikuwa ameliona jambo hilo akiwa njiani kutoka dukani. "Mama Gisèle, kwani mlango wenu hauna tundu la barua? Pitisheni waya hapo, mfunge dirisha. Ni kazi ndogo tu."

Nabintu alimfikishia mumewe. "Bon, nitafanya kesho," Damien alijibu. Kesho yake akaenda kubeba viti vya matanga Tyseley. Keshokutwa akapeleka kwaya mazoezini. Kazi za watu zilimpata daima. Ya mtoto wake ikangoja.

Mtauliza, kwa nini mama asiung'oe waya? Aliung'oa, mara moja. Asubuhi basi likakataa kuwaka, na Damien akamsema mbele ya wazee wa kanisa mpaka akakosa pa kuuweka uso. Tangu siku hiyo aliogopa kuugusa. Jumamosi ile aliomba tu.

"Baba Gisèle, mutoto ataumia."

"Ukunje kitenge, uzibe pale. Gari ikikatala kuwaka, batu batafika na nini? Bananingojea mimi."

Nabintu akaziba kwa kitenge, akaongeza blanketi, akalala na mwanawe kifuani. Ubaridi uliwafikia hata hivyo.

Asubuhi basi liliwaka mara moja. Nabintu alilisikia likinguruma kwa furaha. Damien akauchomoa waya, akaukunja, akaondoka kwenda Hodge Hill kuchukua waumini. Hakuchungulia kitandani.

Gisèle aliamka akilia miguu. Mama akampa dawa, akamkanda kwa maji ya moto, akarudia yale yote waliyofundishwa hospitalini. Kisha kilio kikakatika. Mdomo wa mtoto ulikuwa umeshuka upande mmoja. Alipotaka kumshika mama, mkono wa kulia haukuinuka.

Nabintu alimpigia Damien. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akapiga namba ya dharura. Wakamwambia gari la wagonjwa linakuja, lakini watu wameteleza na kuvunjika mji mzima, avumilie. Avumilie! Alitoka mbio bila viatu hadi kwa Raksha, naye Raksha akatoka na funguo, koti juu ya nguo ya kulalia. Gari lake likakohoa, likanyamaza. Akajaribu, akajaribu, mpaka hata kukohoa likaacha.

"Pole, Mama Gisèle. Betri imekufa kwa baridi. Nifanyeje mimi?"

Nabintu alisimama kwenye barafu akitazama mtaa mzima wa magari meupe yaliyoganda. Gari moja tu lilikuwa na injini ya moto asubuhi ile, nalo lilikuwa Hodge Hill likipakia watu wenye afya zao. Akarudi ndani, akampakata mwanawe, akangoja. Hakuwa na jingine la kufanya.

Gari la wagonjwa lilifika, na Gisèle hakufa. Daktari alisema ni kiharusi, ambacho ugonjwa ule huweza kukileta. Hakusema ni dirisha. Alisema tu kwamba baridi ni adui wa damu ile, na kuchelewa pia. Damien alifika na suti yake ya ibada, akaanguka magotini ukumbini pale hospitalini.

"Niliona simu yako," alimwambia mkewe. "Nilizania ni mambo ya dirisha."

Nabintu akarudi kitandani kwa mwanawe.

Siku iliyofuata Damien aliupitisha waya kwenye tundu la barua, akafunga dirisha. Kazi yenyewe iliisha kabla chai haijapoa. Kanisa zima lilikuja kuwapa pole, na viti vya kuwakalisha havikukosekana.

Jumamosi Nabintu huketi tena kwenye zulia. Gisèle hushika nywele kwa mkono wa kushoto, msuko ukamfumuka, akaanza upya, ukafumuka. "Sorry, Mum," husema. Na mama hutulia vilevile, hageuki, ili mtoto asimwone uso.

FUNZO

Ndugu zangu, kuwatumikia watu ni jambo jema, na Damien hakuwa mtu mbaya. Lakini sifa za nje zisikufanye uone shida ya nyumbani kuwa usumbufu. Mkeo akikuambia jambo mara ya pili, lifanye leo. Akikupigia simu, pokea. Na nyinyi mnaopandishwa magari ya bure na kushangilia, muulizeni dereva wenu watoto wake wameamkaje. Injini iliyoganda hupashwa moto ikawaka. Mkono wa Gisèle haujawaka mpaka leo.