Aliyeongeza Joto

Kwa maelezo ya Bi Wanda Gorski, jirani anayejua nani kanunua pazia jipya hata kabla halijatundikwa, mambo yalikuwa hivi. Alhamisi mchana Carmine, mpenzi wa Luda, alitokea kwa miguu, kavaa ile skafu yake ya rangi ya haradali. Akakinyanyua kiti cha Luda kutoka barabarani, akakiegemeza ukutani kama ufagio. Hapo hapo gari la rangi ya fedha likajipenyeza pale palipokuwa na kiti, akashuka mwanamke wa koti jekundu na buti za visigino.

"Wakacheka," alisema Bi Wanda. "Mwanangu, wakacheka! Na theluji ile umeizoa wewe na beleshi lako mpaka mgongo ukakatika."

Luda alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, bado ananuka soseji. Kiti chenyewe kilikuwa cha jikoni, cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya. Lakini mtaa mzima wa Polish Hill unajua: ukizoa theluji mbele ya nyumba yako na kuweka kiti, pale ni pa gari lako mpaka theluji iyeyuke. Hagusi mtu. Ndugu wa tumbo moja wamenuniana miaka kwa ajili ya kiti. Na Carmine ni mzaliwa wa Pittsburgh hii hii, hawezi kusema hakujua.

"Wakaenda wapi?"

"Nitajuaje? Mimi sipelelezi watu." Bi Wanda alijifunga vizuri shali yake. "Waliingia mgahawa wa kona. Yeye alikula pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, mwanamke akaacha nusu sahani."

Luda aliingia ndani, akakaa bila kuvua koti.

Alimjua Carmine Jumamosi moja sokoni Strip, alikokuwa akiuza nyama, saa ambayo watu hukanyagana mbele ya meza za nyama. Kijana mrefu mwenye masikio mekundu kwa baridi aliinama juu ya kioo na kuomba mishipa mikubwa ya shingo ya nguruwe.

"Mishipa? Unapika nini, wewe?"

"Sipiki. Nagandisha."

"Basi mama yako ana kazi, akifungua friji yake."

Kijana alicheka mpaka wateja wakageuka. Wiki iliyofuata alirudi kuchukua mishipa, na nyingine tena, mpaka siku moja akaja akiwa hana haja ya mishipa yoyote.

Akampeleka maabara alikofanya kazi. Kipande cha mshipa kilikuwa kimelowekwa katika dawa nzito kama asali, kinapozwa taratibu hadi kigeuke kigumu kama kioo bila kuota chembe ya barafu. Huku na huku kulikuwa na vioo viwili vyeusi kama vya miwani ya jua, vimepishana ili mwanga wa taa usipite.

"Mbona giza tupu?" Luda aliuliza.

"Giza ndiyo afya, mpenzi. Maana yake kimetulia. Subiri."

Ukingoni pakaanza weupe, kisha njano, kisha nyekundu na bluu zikatiririka kama mafuta juu ya maji.

"Jamani, uzuri ulioje!"

"Siyo uzuri. Hapo kinavutwa, kinaumia. Rangi zikizidi, kinapasuka. Siku tukijua kuvituliza, mtu atakayehitaji mshipa, au hata figo, ataikuta imehifadhiwa, inamngoja."

Luda alikuwa na mkono mwepesi wa kisu na jicho lisilochoka kutazama, na baada ya muda Profesa Lindqvist, mkuu wa maabara, akamwajiri. Alikata mishipa, akakaa mbele ya kile kidirisha cha vioo vyeusi akisubiri rangi. Hakuwahi kupenda kazi namna ile. Alinunua hata blauzi nyeupe yenye kola, akaipiga pasi kila jioni.

Kisha ikaja siku ya kipande kikubwa kuliko vyote. Kupoza kulikwenda salama, kidirisha cheusi ti. Kurudisha joto ndiko kwenye hatari. Mwanzo lazima uende polepole. Luda aliondoka kidogo kunawa mikono. Aliporudi mlangoni alisikia *tak!*, akaona rangi zimejaa na ufa umepita katikati. Carmine alikuwa amesimama mbali na mashine, mikono mfukoni.

Kesho yake Profesa alimwambia Luda kwamba ameambiwa ni yeye aliyeongeza joto mapema. Luda alikana. Hakuaminiwa, akaachishwa kazi.

"Nani kanisingizia?" alimuuliza Carmine siku ile, analia.

"Sijui, kipenzi. Watu wabaya." Akamfuta machozi kwa ile ile skafu ya haradali.

Hivyo Luda akarudi kwenye soseji.

Sasa alichukua simu.

"Roho yangu!" Carmine aliitikia. "Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Umekiwaza na kiti changu?"

"Ah. Bi Wanda."

"Nani yule wa koti jekundu?"

"Mpenzi, siyo hivyo unavyofikiri! Haki ya Mungu. Anaitwa Odette, ana maabara Minneapolis. Anataka nikaongoze kazi kama hii kule. Alitamani pierogi za kweli, hatukupata pa kuegesha, nikajua gari lako liko nawe kazini. Nilitaka kukushtukiza na habari, tuhame wote wawili."

Luda alihisi kifua kimefunguka. Akacheka, machozi yamo. "Mjinga wewe! Mwenzio nimeshakuzika. Na huyo Odette yuko Pittsburgh tangu lini?"

"Huja mara kwa mara. Mara ya kwanza ndiyo siku ile kipande kilipopasuka. Alikuwa ananisubiri hotelini, na mashine inakwenda kama konokono. Jana kaniuliza tena nani alikipasua. Usiwe na wasiwasi, nilimjibu vile vile nilivyomjibu Profesa, kwamba…"

Akajiuma ulimi. Lakini alikuwa ameshachelewa.

"Kwamba nini, Carmine?"

Luda alikata simu.

Hakikupita kitambo, Carmine akabisha hodi. Alisimama barazani, theluji mabegani, kiti cha bluu mkononi.

"Nilikuwa na haraka," alisema. "Niliugusa ule mtambo, nikaongeza joto kidogo tu. Profesa alipouliza, jina lako likanitoka. Nilijua wewe una pa kurudi, mimi sina. Luda, nimekosa. Njoo tuhame, nitakuoa huko huko."

"Ungekuwa umelala na yule mwanamke, ningejua pa kuanzia kukutukana," Luda alisema polepole. "Ulinifuta machozi, Carmine. Ulikaa jikoni kwangu ukanifuta machozi."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

Luda alichukua simu, akabonyeza namba ya Profesa, akawasha spika. Akamnyooshea.

"Mwambie. Nikisikia."

Simu ililia. Pazia la Bi Wanda lilitikisika. Carmine aliitazama simu, akamtazama Luda, vidole vyake vimekaza mgongo wa kiti.

"Haloo?" ilisema sauti ya Profesa. "Luda, ni wewe? … Haloo?"