Sauti Isiyosikilizwa Hadi Mwisho

Harufu ya udongo mbichi ilianzia chumba cha stoo, na jua la kiangazi lilikuwa limekausha hata visima. Kifutio aliinusa, akaendelea kula.

Jina hilo alibandikwa kwa utani, akalizoea. Mtandao wao wa simu haukuwa na mwenyewe: kila mtaa uliweka mtambo wake, na mitambo ikapashana habari. Wa mtaa huu ulikaa stoo kwake, naye ndiye aliyefuta matusi na picha za maiti. Mwanzoni alikuwa akilia. Siku hizi alifuta huku akimenya viazi. Serikali ilipomtuma kijana mpole anayenukia vizuri aje kumwambia cha kufuta, alifuta hicho pia. Mwenye nguvu mpishe.

Ndivyo alivyoifuta sauti aliyotumiwa na mjomba wake, mwalimu aliyechukuliwa darasani mchana kweupe. Alisikiliza salamu tu, akabonyeza. Kazi ile haitaki mtu asikilize hadi mwisho. Mama yake, anayempenda kaka yake kufa na kupona, hakuambiwa kitu.

Sasa mtambo ulikuwa umezimwa, waya umechomolewa, na ndani yake mtu alikohoa.

"Umesikia?" mama alinong'ona.

"Panya, mama."

"Panya gani huyo anakohoa kama kaka yangu?"

Wakamwita mganga. Akafukiza ubani, akaugonga mtambo kwa fimbo.

"We jinni, toka! Una nini na watoto wa watu?"

Kikohozi kikanyamaza, kisha kikasikika nyumba ya jirani, kikavuka barabara, kikapita dirisha kwa dirisha mtaa mzima, mbwa wakinywea kila kilipopita, harufu ya udongo ikizidi mpaka ubani wenyewe ukawa haunukii tena, na mwisho wa yote kikarudi na kutulia mfukoni mwa mganga, ndani ya simu yake.

Mganga akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka sakafuni.

"Mimi natoa jinni lenye nyumba moja," alisema. "Hili nikilitoa hapa linahamia kule. Lina neno halijamaliza. Liacheni liseme."

"Hamjambo nyumbani," simu ikasema. Salamu ile ile. Kidole cha Kifutio kikasogea chenyewe, kikabonyeza hewa.

"Dada, wametutupa shimoni nyuma ya kiwanda cha matofali. Wamefukia, ila pembeni hewa inapita kidogo. Bado niko hai. Mwambie mwanao alete watu. Hii namtumia yeye, maana akiisikia yeye, mtaa mzima utaisikia. Namsubiri."

Kifutio alijaribu kulia, ikawa kama chafya iliyogoma kutoka. Hakusikia uchungu wala hofu, na hilo ndilo lililomtisha.

Mama alikuwa tayari mlangoni, anavaa viatu, uso umemchangamka.

"Fanya haraka, mwanangu! Hukumsikia? Yuko hai!"

Kifutio akachukua sepetu, akamfuata, asijue amwambie vipi kwamba sauti ile ni ya mwaka jana.