Karoti za Kulisha Sungura

Kila siku akitoka shule, Hyasinta hupitia banda la kikundi cha akina mama wa Ganako. Hukunja mikono ya sweta na kuungana na mama yake, Laurencia, kuosha karoti zinazokwenda kwenye hoteli za watalii kule Ngorongoro. Maji huwa ya baridi kweli kweli, lakini porojo za banda lile ni moto moto, na Hyasinta hakubali kupitwa hata na moja.

Msimu ule kikundi kilikuwa kimepata kishikwambi chenye programu ya kuuzia mboga. Mwanachama anaandika mavuno yake, mpishi wa hoteli anayaona na kuagiza. Maelekezo yaliyokuja nayo yalikuwa marefu na magumu, akina mama wakayasoma wakakata tamaa. Hyasinta, bingwa wa darasa la sita, akajitolea kuandika mapya. Aliyamaliza kabla ya chai, akayabandika ukutani na kutembea kifua mbele. Hakumwuliza mtu yeyote kama yanaeleweka.

Jumatatu iliyofuata simu ya Laurencia ikaita. Alikuwa Saruni, mpishi mkuu wa hoteli iliyokuwa ikinunua karibu mboga zao zote.

"Mama Hyasinta, hapa wageni wamejaa. Nimefungua programu, naona Bibi Penina ana karoti kilo tatu. Wenzake nao kilo mbili, kilo nne. Hizo si za kulisha sungura?"

"Kilo tatu? Mbona karoti zimejaa banda zima!"

"Mimi nimeshaagiza Arusha, mama. Ijumaa nitaangalia tena. Hali ikiwa hivi hivi, nitahamia huko huko."

Laurencia akakata simu, akawaeleza wenzake. Bila hoteli ile, karoti zingewaozea. Laurencia akamgeukia Penina, mwanachama mzee kuliko wote.

"Nimefuata maelekezo ya mjukuu wangu," Penina alisema. "Yanasema niandike kiasi. Nilikuwa na madebe matatu, nikaandika tatu. Nimekosea wapi?"

Hyasinta alitamani ardhi ipasuke immeze. Programu ilihesabu kwa kilo. Yeye alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana hakuona haja ya kuliandika. Alisahau kwamba akina mama wote pale hupima kwa debe.

"Kosa ni langu, bibi. Nisamehe. Nitakuwa nakuandikia mimi."

"Na siku ukiwa kwenye mtihani?" mama yake aliuliza. "Rekebisha maelekezo yako. Kaa na bibi, mwache abonyeze mwenyewe. Na wewe kalia mikono!"

Kazi hiyo ilimtesa Hyasinta kuliko kuosha karoti. Kidole cha Penina kiliposita, mikono ilimwasha Hyasinta, lakini aliikalia. Alimwuliza bibi anatafuta nini, kisha akaandika kwa maneno yake bibi mwenyewe: "Usihesabu madebe. Weka karoti kwenye mzani, soma kilo, andika hizo." Akafuta, akaandika upya, akamwita bibi ajaribu tena. Hivyo hivyo wiki nzima.

Ijumaa Penina alivaa miwani, akasoma karatasi ya ukutani, akapima, akabonyeza. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kisha wote wakasubiri, wakijifanya wanaosha karoti zilizokwisha kuoshwa.

Kishikwambi kikalia. Saruni alitaka karoti zote, na njegere juu yake!

Vigelegele vikapasua banda. Penina alicheza na kishikwambi mkononi, hadi Laurencia akaogopa kitatumbukia kwenye ndoo.

"Bibi, hukuniita hata mara moja!" Hyasinta alisema huku akicheka kwa furaha.

"Nikuite wa nini? Karatasi yako imeniambia kila kitu."

Laurencia akamshika binti yake bega. "Umeona, mwanangu? Mara ya kwanza uliandika maelekezo na kuondoka. Safari hii umemsikiliza atakayeyatumia. Ukimwelekeza mtu, usiseme umemaliza mpaka aweze bila wewe."

"Nimeelewa, mama."

Hyasinta akakunja tena mikono ya sweta. Njegere za Saruni zilikuwa bado shambani, na jua lilikuwa halijazama.